Bwana yangu anakata vidonge nusu kwa sababu miguu inamuwaka

SWALI

Mama, jambo sana. Mimi ni mama wa watoto watatu, ninakaa Kadutu, hapa Bukavu, na ninauza sokoni sambaza, vile visamaki vidogo vya ziwani. Nakuandikia usiku. Watu wote wamelala isipokuwa bwana yangu, ambaye amekaa mlangoni, miguu yake imo ndani ya beseni la maji baridi. Ndivyo anavyokesha tangu mwezi uliopita.

Alikohoa muda mrefu, akakonda, usiku jasho likawa linalowesha shuka. Kituo cha afya walipima makohozi wakasema ni kifua kikuu. Walipouliza nani mwingine anakohoa nyumbani, nikamtaja mdogo wangu wa kiume, ambaye anakaa kwetu tangu aliporudi kutoka machimbo ya dhahabu ya Kamituga. Naye akakutwa nacho. Walianza dawa juma lile lile, vidonge vya aina moja, vya bure. Miezi miwili ya kwanza ilikwenda vizuri. Kikohozi kilikatika, bwana yangu akarudi kwenye pikipiki yake kutafuta abiria. Kuingia mwezi wa tatu, vidole vya miguu vikaanza kumwasha kama vimepakwa pilipili, kisha vikafa ganzi. Sasa ni mwezi wa nne, moto umepanda hadi kwenye vifundo, miguu yote miwili, na usiku ndiyo balaa. Ameniambia neno lililoniogopesha: akishuka mteremko na abiria nyuma, mguu wa kulia hausikii kama umekanyaga breki au haujaikanyaga.

Mdogo wangu hana lolote. Anakula bugali hadi anaongezwa, na Jumapili anacheza mpira.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Bwana yangu na mama yake ni Bashi. Mimi na mdogo wangu ni Warega. Mama mkwe alianza kwa kusema dawa hizi zilitengenezwa kwa ajili ya damu ya wazungu, damu ya Bashi haiziwezi, na Warega zinawapita tu kwa sababu damu yao ni ngumu. Akamzuia hata mtoto wangu wa mwisho, wa miaka 3, asiendelee na dawa ya kinga aliyopewa kituoni. Juma lililopita akabadili maneno. Sasa anasema ni karuho, sumu ya kutegewa kwa siri, na karuho haitoki mbali, inatoka jikoni. Jikoni ni kwangu mimi. Ameshamtafuta mganga wa miti anayetapisha watu.

Jirani naye, kwa huruma yake, alimpa bwana yangu kapsuli mbili za tramadoli alizobakiza alipovunjika mkono. Yeye zilimsaidia. Bwana yangu zilimlaza siku nzima, tukawa tunamtikisa ili aamke.

Juzi nilipokuwa nafua koti lake nilikuta mfukoni karatasi ya daftari imekunjwa vizuri. Ndani mlikuwa na nusu za vidonge, nyekundu, nyingi. Nilipomuuliza, akakubali: anameza nusu na kuificha nusu, ili miguu ipoe bila mtu wa kituo kumgombeza.

Mama, dawa zinachagua kabila? Akimeza nusu kuna ubaya gani? Na watoto wangu, Bashi kwa baba na Warega kwa mama, wao watakuwa upande gani?

Mama wa watatu, Kadutu

JIBU

Mama wa watatu, nianze na kesho kabla sijaeleza kitu. Kesho asubuhi mwende wote wawili kituoni mlikoanzia dawa. Bebeni ile karatasi yenye nusu za vidonge, msiifiche. Muuguzi akiiona atajua ni siku ngapi zilipotea na atapanga namna ya kuzifidia. Asipoiona, ataendelea kuhesabu miezi ambayo haikuwa miezi kamili. Na pikipiki ilale nyumbani. Mguu usiosikia breki haupaswi kubeba mtoto wa mwenzako kwenye miteremko ya mji huu.

Sasa tuongee. Nimekaa nyuma ya kaunta ya farmasi hapa Bukavu zaidi ya miaka 20, na barua yako nimeisoma mara tatu. Mama mkwe wako ameona kitu cha kweli, ila amekipa jina lisilo lake. Ni kweli dawa moja inaweza kumpita mtu kama maji na kumuunguza mwingine. Ni kweli pia kwamba jambo hilo limo katika damu, kwa maana ya kurithiwa. Lakini halikai pale anapolitafuta.

Tuanze na miguu. Matibabu haya ni ya miezi 6, na vidonge vya miezi minne ya mwisho vina dawa mbili zilizofungwa pamoja: rifampisini, ndiyo ile inayogeuza mkojo kuwa rangi ya chungwa, na isoniazidi. Moto unaoanzia kwenye vidole vya miguu yote miwili, ukapanda polepole kama mtu anayevuta soksi, ukazidi usiku, ni alama ya mishipa ya fahamu iliyoumia. Unaanzia huko chini kwa sababu mishipa inayofika vidoleni ndiyo mirefu kuliko yote mwilini. Kwa mtu aliye kwenye dawa za kifua kikuu, wa kwanza kushukiwa ni isoniazidi. Dawa hii huishika vitamini B6 iliyo mwilini na kuitoa nje kwa mkojo, na mishipa ya fahamu ikikosa vitamini hiyo inaanza kulia.

Kwa nini yeye na si mdogo wako? Wewe ni mtu wa sambaza, utanielewa upesi. Asubuhi wanawake wawili wamepewa beseni mbili zilizo sawa, waanike. Mmoja mikono yake ni ya haraka, jua halijachoma beseni lake li tupu. Mwenzake anafanya kazi ile ile, kwa uangalifu ule ule, lakini jua la saa sita linamkuta na nusu beseni. Hakuna mvivu hapo wala mgonjwa, kila mtu ana mkono aliozaliwa nao. Ini letu lina wafanyakazi wa namna hiyo, vinaitwa vimeng'enya. Kile kinachoivunja isoniazidi kinatengenezwa kwa maagizo tunayorithi kwa wazazi, yaani jeni, na hii inaitwa NAT2, na jeni hiyo ina sura ya haraka na sura ya polepole. Kwa mtu wa haraka, nusu ya dawa iliyo katika damu huwa imeondoka baada ya saa moja hivi. Kwa mtu wa polepole hufika saa mbili hadi nne. Kidonge ni kimoja, lakini mishipa ya huyu wa pili inakaa na dawa muda mrefu zaidi, kila siku, mwezi baada ya mwezi.

Jambo hili linajulikana tangu zamani. Isoniazidi ilianza kutumika dhidi ya kifua kikuu mwaka 1952, na mapema sana madaktari wakaona kwamba wagonjwa waliomeza kiasi kile kile walikuwa na viwango tofauti kabisa katika damu. Mwaka 1960 David Price Evans na wenzake walichapisha matokeo ya kupima familia, wazazi pamoja na watoto wao, wakaonyesha kwamba mwendo huo unarithiwa. Nchini India, huko Madras, mji ambao leo unaitwa Chennai, watafiti walikuta kwamba watu wa polepole ndio wanaoungua miguu zaidi, na kwamba vitamini B6 kidogo tu ya kila siku inawakinga. Wakakuta na hili, ambalo naomba bwana yako alisikie kwa masikio yake: dawa ikimezwa kila siku, wa polepole na wa haraka wanapona sawasawa. Kwa hiyo ule mwendo wa ini lake haumzuii kupona hata kidogo. Unachodai ni vitamini.

Basi kituoni ombeni B6, ambayo kwenye pakiti utaiona imeandikwa piridoksini. Kwa kukinga, miligramu 10 hadi 25 kwa siku zinatosha. Kwa mtu ambaye tayari anaungua wanapanga zaidi ya hapo, na kipimo hicho wakipange wao, maana B6 nyingi kupita kiasi kwa muda mrefu nayo huumiza mishipa hiyo hiyo. Moto hautazimika usiku mmoja. Mshipa wa fahamu hupona polepole, na ganzi ndiyo huchelewa kuondoka. Samaki, viazi, maharage, ndizi, vyote vina B6, mpe, ila chakula peke yake hakitoshi kuikimbiza isoniazidi. Waombe pia wampime sukari na virusi vya ukimwi, kwa sababu vyote viwili huunguza miguu hivyo hivyo, na mtu aliye navyo huumizwa haraka zaidi na dawa hii. Na kasiksi, pombe ya ndizi, kama anakunywa, aiache hadi amalize matibabu. Pombe huchosha mishipa ile ile, na huchosha ini ambalo sasa lina kazi nyingine.

Hizo nusu za vidonge sasa. Naelewa kwa nini anafanya hivyo, mtu anayeungua usiku kucha atajaribu lolote. Lakini kidonge chake kimefunga dawa mbili. Akikikata, hapunguzi isoniazidi peke yake, anakata na rifampisini, ambayo ndiyo nguzo ya matibabu yote na haina hatia yoyote katika moto wa miguu. Vijidudu vinavyobaki kifuani vinapata dawa kidogo, isiyotosha kuviua lakini inayotosha kuvifundisha. Vikizoea, dawa hizi zitakuwa hazimsaidii tena, na kifua kikuu sugu kina matibabu magumu kuliko haya mara nyingi. Tena watoto wako watatu wanapumua hewa ya chumba hicho hicho.

Nina mtu ninayemkumbuka kila mara. Miaka yangu ya kwanza kazini alikuwa anakuja dereva mmoja wa gari la mizigo, kila Jumamosi, kununua parasetamoli ya miguu. Alikuwa anavua kiatu pale pale mbele ya kaunta na kuweka wayo juu ya sakafu ya simenti ili ipoe. Nilimuuzia majuma mengi. Sikumuuliza hata mara moja kama kuna dawa nyingine anayomeza. Siku nilipouliza, akaniambia alikuwa kwenye dawa za kifua na ameziacha mwenyewe kwa sababu ya miguu, na alipokuwa anaongea kikohozi kilikuwa kimeshamrudia. Alihitaji B6, ambayo ilikuwa kwenye rafu nyuma yangu. Tangu siku hiyo hakuna mtu anayeniambia "miguu inaniwaka" akaondoka bila kuulizwa anameza nini.

Kuna jambo linaloruhusu kusimamisha dawa kabla ya kuongea na mtu wa kituo: macho yakigeuka manjano, mkojo ukawa kama chai nyeusi (siyo ile rangi ya chungwa aliyoizoea), akawa anatapika na hataki chakula. Hilo ni ini. Hapo asimeze kidonge kinachofuata, na aende kituoni saa hiyo hiyo.

Sasa kabila. Ulichoniuliza kinanigusa, kwa sababu katika mji wetu neno "damu ya fulani" halibaki kuwa neno la dawa tu. Kwa hiyo nitakujibu bila kuzunguka. Kila mtu ana nakala mbili za jeni ya NAT2, moja ya mama, moja ya baba. Ili uwe wa polepole unahitaji nakala zote mbili ziwe za polepole. Baba na mama wanaweza wote kuwa wa haraka, kila mmoja akiwa ameficha nakala moja ya polepole, na kila mtoto wanayemzaa akawa na nafasi moja kati ya nne ya kuzipokea zote mbili. Maana yake bwana yako anaweza kuwa wa polepole na ndugu yake waliyenyonya ziwa moja akawa wa haraka. Bashi wawili, tumbo moja. Na huyo mdogo wako Mrega, ukipima dada zake, nawe ukiwemo, unaweza kukuta mmoja wenu ndiye angeungua miguu.

Ukihesabu dunia nzima, tofauti za makundi zipo, siwezi kuzikana. Japani watu wa polepole ni kama mmoja kati ya kumi. Ulaya ni karibu nusu ya watu, na sehemu nyingi za Afrika hivyo hivyo. Misri ndio wengi kabisa. Lakini tazama vizuri hapo: mzungu na Mwafrika wamekaa upande mmoja, Mjapani upande wake, na Mmisri, ambaye ni Mwafrika, mbali na wote. Ukisimama kwenye foleni yoyote pale soko la Kadutu, wa haraka na wa polepole wamepangana bega kwa bega, na jina la ukoo halikuambii nani ni nani.

Uko mfano mwingine unaoonyesha hili vizuri zaidi. Kuna watu waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, na baadhi ya dawa huzivunja chembe zao nyekundu za damu hadi mkojo ukawa mweusi. Mwaka 2008 dawa moja ya malaria iliyochanganywa na dapsoni, iliyokusudiwa Afrika, iliondolewa sokoni kwa sababu hiyo. Ukichora watu hao kwenye ramani utawakuta Afrika, utawakuta India, utawakuta Ugiriki na kisiwa cha Sardinia kwa wazungu. Hawafuati rangi. Wanafuata malaria, kwa sababu upungufu huo uliwapa mababu zao kinga fulani dhidi yake, popote mbu alipotawala.

Tramadoli ya jirani nayo imo humu. Tramadoli na kodeini, dawa nyingine ya maumivu, hugeuzwa na ini kuwa kitu chenye nguvu zaidi, na kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo, CYP2D6, kwa watu wengine kimeandikwa mara mbili au zaidi katika jeni zao. Hao hupata nguvu nyingi kwa ghafla, wanalala mno, pumzi inaweza kupungua. Utafiti uliochapishwa 1996 ulikuta nakala za ziada kwa Waethiopia 29 kati ya kila 100 waliopimwa, wakati Wasweden ni mmoja au wawili. Wengine nao hawakigeuzi kabisa, wanameza na maumivu yanabaki pale pale. Mwaka 2017 Marekani ilikataza dawa hizi mbili kwa maumivu ya watoto walio chini ya miaka 12 na ikawashauri mama wanaonyonyesha wasizitumie. Mimi siwezi kusema kwa hakika kilichomlaza bwana yako, huenda ni ini lake, huenda ni uchovu wa kukesha majuma mengi. Lakini kapsuli iliyomponya jirani haikuandikwa kwa jina lake. Mshukuru jirani kwa moyo wake, na zilizobaki azirudishe farmasi.

Mama mkwe ana neno jingine ambalo silitupi: kwamba dawa zilipimwa kwa wazungu. Kwa dawa nyingi manung'uniko hayo ni ya haki. Efavirenzi ya virusi vya ukimwi ilikuja kwetu kwa kipimo cha miligramu 600. Afrika kuna watu wengi wenye jeni inayoiondoa polepole, na wengi wao waliota ndoto za kutisha, wakapata kizunguzungu, wengine wakaitwa vichaa au warogwa. Mtafiti wa Zimbabwe, Collen Masimirembwa, alikuwa amelisema jambo hilo, lakini nchi yake ilipoieneza dawa hiyo mwaka 2015 kipimo kilibaki kile kile na watu wakateseka. Tangu 2019 Shirika la Afya Duniani limeweka mbele dawa nyingine, dolutegraviri. Inauma kufikiri ni wangapi waliotupa vidonge vyao kwa aibu, na walikuwa wanasema ukweli kuhusu miili yao.

Ila kwa dawa za kifua kikuu, mwambie mama mkwe kwa heshima kwamba hapo hali ilikuwa nyingine. Matibabu ya miezi 6, yaliyozaa haya anayomeza mwanawe, yalithibitishwa kwanza kwa wagonjwa wa Afrika Mashariki, wakiwemo wa Kenya, Uganda na Tanzania, na matokeo ya kwanza yalitoka mwaka 1972. Kabla ya hapo watu walimeza dawa mwaka mmoja na nusu, hata miwili. Majirani zetu ndio waliowafundisha madaktari wa Uingereza kwamba miezi 6 inatosha. Hii ni dawa ambayo Afrika inaweza kuiita yake.

Karuho. Najua uzito wa neno hilo hapa kwetu, limevunja nyumba nyingi na limewafukuza wanawake wasio na kosa. Sitakudharau kwa kusema ni upuuzi tu, maana hofu iliyo nyumbani kwako ni ya kweli. Tazama lakini jinsi ugonjwa wenyewe unavyojieleza: ulianza baada ya dawa, haukuwepo kabla. Umeshika miguu miwili kwa usawa. Mdogo wako anakula chungu kile kile, na wewe, na watoto. Jikoni kwako hakujamwunguza mtu mwingine. Na yule anayetapisha, akimtapisha bwana yako asubuhi, atakuwa ametapisha kidonge cha siku hiyo, na miti atakayomnywesha itaenda kwenye ini lile lile. Hapo simama imara. Mengine ya mama mkwe unaweza kuyanyamazia, hilo usilinyamazie.

Watoto wako wamechukua nakala moja kwa baba na moja kwako. Kama baba yao kweli ni wa polepole, kila mtoto ana nakala moja ya polepole tayari, na mwendo wake unategemea ile uliyompa wewe. Hakuna haja ya kupima jeni. Mwambie tu muuguzi kwamba baba yao aliungua miguu na dawa hii, aiandike kwenye fishi, ile kadi ya kituo, ya kila mtoto, na wewe ikumbuke watakapokuwa wakubwa. Huyo wa miaka 3 arudishwe kwenye dawa ya kinga kesho hiyo hiyo. Watoto wadogo huivumilia vizuri kuliko sisi, kipimo chao kinafuata uzito, na mtoto wa umri huo akipata kifua kikuu kinaweza kumpanda kichwani kwenye utando wa ubongo kabla hata hajakohoa.

Na mama mkwe mwende naye. Mwite wewe mwenyewe, kwa adabu, mwambie unataka asikie kwa masikio yake kinachomsumbua mwanawe. Kituoni mtafute muuguzi anayeongea Mashi, amwombe akae, amweleze mambo ya miguu, ya B6 na ya vile vidonge nusu kwa lugha yake. Wewe kaa pembeni na mtoto, usiseme kitu.